Begi la Bi Harusi na Jiwe la Mkurumudzi

Nyie vijana mnaoanza kuwatembeza wageni ufuoni mnaniita Bi Jiwe, nami najua hamniiti hivyo kwa mapenzi. Haidhuru, niiteni. Ila mmeniomba niwaandikie machache kuhusu kazi yetu, basi mtayasoma yote mpaka mwisho. Mimi magoti yananiuma nikikaa kuandika, na sitaki kuumia peke yangu.

Mtu akiniuliza nilikuwa nikifanya kazi gani maisha yangu yote, namwambia nilikuwa nikitembea. Hungoja niendelee. Hakuna cha kuendelea. Nilikuwa nikiwachukua wageni Diani, tunateremka kwa miguu Galu, Kinondo, tunapita mkabala na kisiwa cha Chale, Gazi, Msambweni, mpaka kwetu Munje, na wenye nyayo ngumu niliwafikisha Shimoni. Usiku tunalala kwa wenyeji. Mabegi yanatangulia kwa tuktuk. Kazi ni hiyo tu, na imenisomeshea watoto.

Siku hizi nawaona mna simu zinazowaambia maji yatajaa saa ngapi na yatakupwa saa ngapi. Sina neno na simu. Lakini juzi nilimkuta mmoja wenu, simtaji jina ingawa mama yake ananijua, amesimama na wageni wake pale Galu, maji yamewafika magotini, ameinyanyua simu juu anatafuta mtandao ajue kama maji yameanza kujaa. Mwanangu, si uangalie chini!

Mimi nilifunzwa na shangazi yangu aliyekuwa akivua pweza mwambani. Alikuwa na hasira za karibu na hakuwa na subira ya kueleza mambo. Alinipeleka siku ya bamvua, siku zile maji yanapokupwa mbali sana kisha yanarudi kwa fujo, akaniacha niokote makombe ya baharini nikajisahau. Niliporudi ufuoni nilikuwa nimelowa mpaka ushungi, naye ameketi pakavu anakula muhogo. "Umejua sasa?" akauliza. Nikamwambia nimejua. Basi, masomo yakawa yamekwisha, na sikupewa mengine.

Kuhusu viatu, msibishane na mtu. Mgeni wa bara atakuja na buti za kupandia mlima, mwacheni avae. Kabla ya Kinondo atakuwa amezitundika shingoni. Hapo ndipo umwambie azivae tena, kwa sababu mwambani kuna vile vidude vyeusi vya miiba. Akishachomwa usimchokonoe kwa sindano mbele ya wenzake, watalia wote. Omba papai bichi shamba la karibu, umpake utomvu, miiba italainika yenyewe. Na ole wako uombe papai kabla hujamsalimu mwenye shamba.

Maana njia hii si yetu. Inapita nyuma ya majiko ya watu, kando ya makaburi ya watu, chini ya nguo za watu zilizoanikwa. Ukipita kimya, wewe ni mwizi. Ukisalimu nusu nusu, watauliza wewe ni mtoto wa nani, na hapo umemtukanisha mamako bure. Kwa hiyo ukipanga safari, weka muda wa kutembea, kisha weka muda wa shikamoo, na huo wa pili ndio mrefu. Bibi akikuuliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za mguu wa dadako, zijibu zote. Mgeni atasimama pembeni akitazama saa yake. Mwache atazame.

Sasa jiwe. Pale mto Mkurumudzi unapomwaga maji baharini, upande wa Gazi, kuna jiwe jeusi katikati. Mgongo wake ukionekana, maji ni ya mapajani, vukeni. Usipoonekana, ketini. Niliwaambia hivyo wageni wote, tukiwa Diani, tukiwa njiani, na tukiwa pale pale mtoni: "Hatuvuki mpaka jiwe lionekane." Hata uwe mkubwa wa serikali, hata uwe unawahi ndege, utaketi mchangani na wenzako. Jina langu limetoka hapo, wala halihusiani na roho yangu kama mnavyosema nyuma ya mgongo wangu.

Siku moja tu nilitaka kuivunja sheria ile, na ilikuwa siku ya begi.

Mwanangu Athumani alikuwa amemchumbia Mwanahawa, binti Bi Riziki wa Munje. Binti mwenyewe radhi, baba yake radhi, mahari yamekubaliwa. Tatizo lilikuwa Bi Riziki. Huyu ni mama wa heshima zake, nyumba imefagiwa mpaka barabarani, na aliyekuwa hamtaki si Athumani, ni mimi. Aliwaambia majirani, nami nikazipata habari siku ile ile: "Binti yangu awe na mama mkwe anayezurura ufuoni na wageni kama kaa?" Nisiwafiche, yaliniuma. Athumani alikuwa hali chakula kwa ajili ya yule binti, na kazi niliyomlelea ndiyo hiyo iliyokuwa ikimponza. Mwishowe Bi Riziki alikubali kwa mdomo mzito, nikaha ikapangwa Ijumaa, nami nikaapa kuwa hatapata kwangu sababu ya kurudi nyuma.

Kwetu mnajua, kabla ya nikaha upande wa bwana harusi hupeleka begi la bi harusi. Nguo, leso za kujifunga, viatu, manukato, udi, mpaka kitana. Kule hufunguliwa mbele ya wanawake wote, mmoja anakinyanyua kila kitu juu akikitaja, na wengine ama wanapiga vigelegele ama wanabana midomo. Nilinunua begi jekundu la magurudumu Ukunda, nikalishindilia mpaka zipu ikalalamika, nikalifunga kwa leso mpya. Desturi ni begi lisindikizwe na watu, kwa miguu na kwa nyimbo. Lakini Alhamisi hiyo nilikuwa na wageni wa kuwatoa Gazi kwenda Munje, safari imepangwa kitambo, nikajiambia, ah, tuktuk ya mabegi si inaelekea huko huko? Wifi yangu Saumu atalipokea njia panda na kuliingiza kwa Bi Riziki. Nani atajua?

Wageni wenyewe walikuwa walimu wastaafu kutoka Nyeri, tulioanza nao safari Diani, na aliyewaongoza alikuwa Mwalimu Wanjiru, mwalimu mkuu wa zamani, mama wa kifua kipana na filimbi shingoni. Filimbi ile akiipuliza, hata mimi nilijikuta nanyoosha mgongo. Naye alikuwa na begi jekundu la magurudumu, maana mabegi hayo yako nchi nzima. Tulipokuwa Diani aliliona langu, akauliza, "Mama Athumani, hiyo leso ni ya nini?"

Mambo ya harusi hayatangazwi kabla ya wakati, jicho la watu ni baya. Nikamjibu, "Vumbi, Mwalimu. Ni kwa ajili ya vumbi la njiani."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Jioni ile, mimi nikiwa naswali, alikwenda dukani akanunua leso, akalifunga lake, nami sikuliona.

Dereva wetu wa tuktuk alikuwa Kevo, kijana wa bara, mwema, mwenye haraka za kila kitu. Alhamisi asubuhi pale Gazi nilimwambia, "Kevo mwanangu, begi zito lililofungwa leso umpe wifi yangu Saumu njia panda ya Munje. Mengine yote yapeleke nyumba ya wageni, tutayakuta."

"Mathe, tulia," akaniambia. "Hiyo imeisha."

Ikaisha kweli. Tulikuwa tumeketi mtoni, maji bado mengi, walimu wanamenya machungwa, simu yangu ikalia. Ni Saumu, na anazungumza kwa kunong'ona.

"Wifi, umetutumia nini?"

"Begi."

"Begi la nani?"

Saumu akanieleza. Begi limefunguliwa, wanawake wamejaa mpaka ukumbini. Kitu cha kwanza kilichotoka ni pasi ya umeme. Vigelegele vikapigwa, pasi ni kitu cha maana. Cha pili ni nguo ya ndani ya sufi, ndefu, ya kufika vifundoni. Mtajaji akaigeuza huku na huku akitafuta mbele na nyuma, mama mmoja akasema labda fungate itakuwa mahali pa baridi. Kikatoka kikopo cha mahindi na maharagwe. Ikatoka dawa ya kuchua magoti, imetumika nusu. Hapo watu wakaanza kutazamana. Kisha ikatoka Biblia.

"Wifi, hapa hakuna anayepumua," Saumu akasema. "Bi Riziki anasema mmemfanyia dhihaka. Anasema kwanza begi limeletwa na tuktuk kama gunia la mkaa, hakuna hata mtu mmoja wa kulisindikiza, halafu ndani ndio haya. Anasema kesho hakuna nikaha."

Masalala! Nilimpigia Kevo, hapatikani. Nikapiga tena, hapatikani. Nikamwona Athumani wangu moyoni, amekwisha kupiga pasi kanzu yake na kuitundika mlangoni. Machozi yakanitoka. Nikainuka, nikapandisha nguo, nikaingia majini.

Filimbi ikalia nyuma yangu. Nikasimama bila kupenda.

"Mama Athumani! Unaenda wapi?"

"Navuka, Mwalimu."

"Jiwe limeonekana?"

"Mwalimu, mwanangu ana..."

"Nimeuliza, jiwe limeonekana?"

Na walimu wote, machungwa mikononi, wakajibu kwa pamoja: "Bado!"

"Basi rudi uketi."

Nikarudi nikaketi. Jamani, sheria yangu mwenyewe, kwa mdomo wangu mwenyewe, tena nimeirudia tangu Diani! Nikamweleza Mwalimu yote huku nalia. Alinisikiliza mpaka nilipofika kwenye pasi. Uso ukambadilika.

"Na zile nguo zangu za baridi," akauliza polepole, "zimenyanyuliwa mbele ya watu?"

"Juu kabisa, Mwalimu. Zimegeuzwa pande zote."

Akafumba macho. "Kwa nini hukuniambia ni begi la harusi?"

"Nilisema ni vumbi."

"Ulisema ni vumbi," akarudia, na nikajua hasa walivyojisikia watoto wote waliowahi kuchelewa shuleni kwake. Kisha akanishika mkono. "Nyamaza. Tukivuka, tunakwenda wote."

Jiwe lilichukua muda wake siku ile. Nililitazama maji yakishuka, nikaliapiza, nikaliomba msamaha, nikaliapiza tena. Mgongo wake ulipotokeza, walimu walipiga makofi, tukaingia majini.

Nimewafundisha kuwa ufuoni hatukimbii. Siku hiyo tulikimbia, wenye buti na wasio na buti. Lakini kukimbia nako kuna adabu zake, maana ile njia ilikuwa na watu wake wale wale. Nyumba ya kwanza, bibi mmoja anasuka makuti, akaniona.

"We! Mbona mbio? Kuna msiba?"

Unampitaje mtu mzima hivyo? Nikasimama. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Habari za nyumbani?"

"Njema."

"Watoto?"

"Hawajambo."

"Na mguu wa dadako?"

"Bibi, mguu umepona, begi la harusi ya Athumani limepotea!"

Bibi aliyaweka makuti chini, akajifunga leso kiunoni. "Na wewe umesimama hapa unasalimu watu? Twende!"

Ikawa hivyo kila mji, mlango kwa mlango. Nasimama, nasalimu, naulizwa, nasema, wanainuka. Akina mama waliokuwa wakikwangua samaki wakaja na visu vyao, mtengeneza baiskeli akaacha gurudumu linazunguka. Wengine hata hawakujua wanakwenda wapi, waliona watu wanapita wakaona bora waulize wakiwa njiani. Nilipogeuka nyuma, sikuuona mwisho wao.

Nyumba ya wageni iko kabla hujafika Munje. Begi langu lilikuwa barazani, leso yake haijaguswa, na kando yake Kevo amelala ndani ya tuktuk, simu imezimika. Alipoamka na kutuona sote tumemzunguka alidhani ameua mtu.

"Mathe, si ulisema lile zito?" akajitetea. "Hilo lingine lilikuwa zito kuliko, wallahi!"

Alikuwa anasema kweli. Nani angejua kuna mtu atakayebeba pasi kwenda kutembea baharini? Akataka kulipakia haraka aoshe makosa yake, lakini Mwalimu Wanjiru akamzuia. "Hapana. Tuktuk imeshatuletea maneno. Hili linakwenda na watu."

Magurudumu yakagoma mchangani. Nikataka kulibeba kichwani, shingo ikakataa, mbio zilikuwa zimenimaliza. Mwalimu akaomba kamba na kitambaa, akalifunga kwa mkanda wa kubebea, akainama, akalipandisha mgongoni na kuuweka ule mkanda kwenye paji la uso, jinsi kwao wanavyobeba kuni. Bibi wa makuti akamzunguka akimtazama.

"Kichwa unacho. Mbona hukitumii juu?"

"Kwetu ndivyo tunavyobeba, mama," Mwalimu akamjibu, akashika njia.

Sasa nyie mnawajua akina mama wa kwetu. Waonyeshe begi lililofungwa leso, uwaambie wakae kimya, hawawezi. Mmoja akaanza wimbo wa harusi, wakaitikia, mtu akapata ndoo ya kupiga. Walimu wa Nyeri hawakuyajua maneno lakini waliitikia kwa nguvu kuliko wenye wimbo. Kevo akafuata nyuma na tuktuk tupu, akipiga honi.

Bi Riziki alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. Mimi nimelowa mpaka kiunoni, ushungi umekaa upande, viatu mkononi. Maneno ya kuomba radhi nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Yeye hakunitazama mimi. Alikuwa anatazama nyuma yangu.

"Hawa wote wanafuata nini?"

"Wanasindikiza begi," nikasema.

"Kutoka wapi?"

"Gazi."

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu, Bi Riziki. Na mto tumevuka."

Akamtazama Mwalimu, begi mgongoni, mkanda kipajini, jasho linamtiririka, bado anaimba. Akatazama visu vya samaki, ndoo, tuktuk inayopiga honi. Mdomo ukaanza kumcheza pembeni.

"Mimi la kwangu lilisindikizwa kutoka nyumba ya pili tu," akasema. Kisha akageukia ndani na kupaza sauti: "Mbona mmekaa? Leteni maji na vikombe, mkwe wangu amefika!"

Hakuwahi kuniita mkwe. Nililia pale pale mlangoni, wala sikuona haya.

Begi likafunguliwa, safari hii la kweli, na vigelegele vilisikika mpaka barabara kuu. Mwalimu alirudishiwa lake, nguo za sufi zimekunjwa vizuri. Biblia haikuwamo. Bi Riziki aliingia chumbani akaileta kwa mikono miwili. Katikati ya hasira zake zote alikuwa ameitandikia kitambaa safi juu ya kabati, isiguswe na watoto. Mwalimu aliipokea kwa mikono miwili vile vile. Pasi akamwachia bi harusi. Ijumaa nikaha ikapita salama, na wale walimu, baada ya pilau, walikataa katakata kuendelea na safari ya Shimoni.

Basi hayo ndiyo niliyo nayo. Mtasema sijawafundisha kazi. Nimewafundisha, someni tena.

Safari yangu ya mwisho kabla ya magoti haya kunistaafisha niliifanya mwaka jana, kutoka Gazi kuja nyumbani. Niliwakuta wageni wananingoja, na kando yao Bi Riziki, leso kiunoni, viatu mkononi. Tukatembea, tukisalimu kila mji, na salamu zake ni ndefu kuliko zangu. Tulipofika mtoni maji yalikuwa bado mengi.

"Watu wakiniona huku," akasema, "watasema nini?"

"Watasema kaa sasa wamekuwa wawili."

Aligeuka akanitazama. "Kumbe ulisikia?"

"Siku ile ile, mkwe."

Alicheka mpaka akaanguka kitako mchangani. Nikaketi kando yake, tukalingoja jiwe.